Reinita wa gramu kumi yuko salama, tagua wa kilo 35 anapotea: kwanini?

Mama mmoja kaniandikia, nafupisha. Kijana wake yuko kidato cha pili, kapewa kazi ya bailojia: alinganishe ndege mdogo wa nchi za joto na mnyama wa porini anayefanana na nguruwe ambaye yuko hatarini kutoweka. Kijana kachagua ndege anayeitwa reinita na mnyama anayeitwa tagua, wote wa Amerika, akaandika kwamba ndege ndo yuko hatarini zaidi kwa sababu ni mdogo na anakufa haraka. Mwalimu kampiga kosa. Mama anauliza: "Mtaalamu, kosa liko wapi hapo? Si kila mtu anaona kadogo ndo kanaisha kwanza? Na huyo tagua kama anafugika, si wamfuge tu yaishe?"

Dada yangu, kwanza usimgombeze kijana. Alichoandika ndo wanachoamini watu wengi sana, hata wengine waliosoma, na mimi naona kuchagua hao wawili kachagua vizuri kuliko anavyojua, maana ukiwaweka pamoja wanakufundisha kitu ambacho ungewachukua simba na tembo usingekiona. Ila mwalimu yuko sahihi.

Kijana kachanganya mambo mawili. Kuna udhaifu wa mnyama mmoja mmoja, alafu kuna udhaifu wa spishi nzima, na hayo mawili wala hayaendi pamoja. Reinita mmoja ni dhaifu kweli kweli, ana gramu kama kumi tu, urefu wake sentimita 11 hivi ukihesabu na mkia, paka anammaliza, nyoka anakula mayai yake, na kwa mwili mdogo vile hana pa kuweka akiba, akikosa kula muda mfupi tu nguvu zinaisha. Tagua mmoja ni habari nyingine, kilo 30 mpaka 40, meno makali, manyoya magumu kama ya brashi, kumuua inabidi uwe puma au jagwa, wale paka wakubwa wa porini wa Amerika, au uwe na bunduki. Kwa hiyo swali lingekuwa nani anakufa kirahisi, kijana angepata vema. Lakini aliulizwa nani yuko hatarini kutoweka, na kutoweka kwa sehemu kubwa ni swali la mahali. Eneo lake lina ukubwa gani, anaweza kula na kuzaa kwenye mazingira mangapi tofauti, na hilo eneo lake binadamu wanalitaka kwa ajili gani. Shika hayo matatu, mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Nianze na tagua maana stori yake ni ya ajabu na watu wengi huku kwetu hawajawahi kumsikia. Jina la kisayansi ni Catagonus wagneri. Mwaka 1930 mtafiti wa Ajentina, Carlos Rusconi, alimwelezea kwa mifupa ya zamani tu, yaani kwa wanasayansi huyu alikuwa mnyama aliyeisha duniani siku nyingi. Miaka ikapita, miaka ya 1970 mwanzoni mtafiti Mmarekani Ralph Wetzel na wenzake wakiwa wanafanya utafiti wa wanyama kule Paraguai wakakutana na mafuvu na baadae wanyama wenyewe wazima wanatembea, na mwaka 1975 wakaitangazia dunia. Watu wa kule walikuwa wanamjua siku zote, wanamwinda, wana jina lake, wanamtofautisha na jamaa zake wawili bila shida yoyote, ni maprofesa ndo walikuwa hawajui. Hebu fikiria mnyama wa kilo 40 anatembea mchana kweupe, sio usiku, na sayansi haimjui mpaka 1975. Hiyo peke yake inakwambia anaishi sehemu ya namna gani.

Sehemu yenyewe inaitwa Gran Chaco, ni eneo kubwa sana linaloshika Paraguai magharibi, Bolivia kusini mashariki na Ajentina kaskazini. Tagua yuko kwenye ile sehemu yake kavu. Mtu wa Tsavo au wa Dodoma akipelekwa pale ataona kama yuko nyumbani: vichaka vya miiba vimeshonana, joto linapita nyuzi 40, vumbi, mvua za kuhesabu, kiangazi kirefu ambacho maji hayaonekani. Tofauti ni kwamba kule mipungate, hizi kaktasi, imejaa chini mpaka juu, mingine mirefu kama miti. Na tagua anaishi kwa hiyo mipungate. Simaanishi anaionja onja, ndo chakula chake kikuu. Anaikata, anaiviringisha chini kwa pua mpaka miiba ing'oke, mingine anaing'oa kwa meno na kuitema, alafu anakula. Figo zake zimejengeka kuweza kuhimili zile asidi zilizomo kwenye mpungate. Maji anayapata humo humo. Chumvi na madini anayafuata kwenye udongo wa chumvi na kwenye vichuguu, analamba na kula udongo. Mi kila nikisoma habari za huyu mnyama napata heshima kubwa kwake, kachukua mmea ambao umejihami kwa miiba na asidi ili usiliwe, na ameufanya ugali wake.

Hapo kijana aandike vizuri, mnyama huyu anafanana na nguruwe lakini sio nguruwe. Nguruwe wako familia ya Suidae, humo ndo wamo ngiri wetu, nguruwe pori wetu na nguruwe wa kufuga. Tagua yuko Tayassuidae, familia ya pekari, ya Amerika, na hizo familia mbili ziliachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Namna rahisi ya kuwatofautisha ni meno: ngiri chonge zake za juu zinapinda kwenda nje na juu, pekari chonge za juu zinashuka chini moja kwa moja kama za mbwa. Tumbo la pekari pia lina vyumba vingi kuliko la nguruwe japo hacheui kama ng'ombe. Na mgongoni kwa nyuma ana tezi ya harufu, anaisugua kwenye miti, ndo alama yake ya kwamba hapa pana wenyewe.

Sasa reinita. Jina la kisayansi Coereba flaveola, reinita ndo wanavyomwita Puerto Rico, kwenye mtandao kijana atampata kirahisi kwa bananaquit. Mgongo wa kijivu cheusi, kifua cha njano, mstari mweupe juu ya jicho, mdomo mwembamba umepinda. Ukimwona picha utasema huyu ni chozi, hawa chozi wetu wanaokuja kwenye maua ya mgomba na mikomamanga, na utakuwa na haki ya kusema hivyo ila sio ndugu kabisa, wametokea sehemu tofauti za dunia wakafanana kwa sababu kazi ni moja, kunyonya maji matamu ya maua. Visiwa vya Grenada na Saint Vincent kuna reinita weusi karibu mwili mzima, wale wale spishi moja, na mimi huwa nawaonyesha wanafunzi picha zao kwa sababu inaonyesha spishi moja inaweza kubadilika kisiwa kwa kisiwa.

Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha majina ya kisayansi, alishamwandika huyu ndege mwaka 1758. Linganisha na 1975 ya tagua. Sababu ni kwamba reinita yupo kila mahali watu walipo: visiwa vya Karibi karibu vyote, Cuba ndo hazalii, alafu Meksiko kusini, Amerika ya Kati, anashuka Amerika Kusini mpaka kaskazini mashariki mwa Ajentina. Pwani, bustanini, mashamba ya kahawa, pembezoni mwa msitu, mjini. Kwenye hoteli za Karibi anatua mezani anaiba sukari kwenye bakuli wageni wanamwangalia. Virgin Islands za Marekani wamemfanya ndege wao rasmi. Maua yenye koo refu ambayo mdomo wake haufiki ndani hapati tabu, anatoboa ubavuni anavuta utamu kwa pembeni, ua halipati huduma yoyote ya kupelekewa chavua, kwa lugha nyepesi anaiba. Matunda anakula, wadudu wadogo anakula. Kiota chake cha mviringo na mlango ubavuni anakijenga kwenye kichaka chochote, na anajenga hata vya kulala tu ambavyo havina mayai. Yai mbili tatu, na pale ambapo mvua na maua vipo anaweza kuzaa tena na tena ndani ya mwaka.

Umeona mlinganisho unavyoanza kujijibu wenyewe? Tagua kajifunza kuishi pale ambapo wengine wanashindwa, na kwa kufanya hivyo kajifunga pale pale. Reinita hajawa bingwa wa mazingira magumu yoyote, ila popote penye ua lenye utamu na kichaka cha kuweka kiota anaishi. Mtu akikata msitu akajenga nyumba akapanda maua ya urembo uani, reinita kaongezewa chakula. Mtu huyo huyo akikata Chaco akapanda majani ya ng'ombe, tagua kabaki hana kitu, hana mpungate, hana kivuli, hana pa kujificha.

Na Chaco inakatwa kweli. Hii sehemu ndo inaniuma zaidi kwa hiyo niruhusu niongee kidogo kwa urefu. Huko nyuma, kwa miaka mingi, ukavu uliilinda. Upande wa Paraguai Chaco ni kama asilimia 60 ya nchi nzima lakini wanaishi chini ya asilimia 5 ya watu, hakuna aliyekuwa anaitaka sana. Walikuwepo wenyeji kama Waayoreo, ambao mpaka leo kuna makundi yao yanaishi msituni bila kutaka mawasiliano na nje, wakaja walowezi Wamenoni, dhehebu la Wakristo, kuanzia 1927, wakalima, wakafuga, wakajenga miji kama Filadelfia. Msitu bado ulikuwa mkubwa. Mambo yamebadilika kwa kasi kuanzia miaka ya 1990 na 2000, buldoza, nyama ya ng'ombe ya kuuza nje, na upande wa Ajentina soya. Alafu kuna jambo moja ambalo watu wa uhifadhi popote wanapaswa kulijua: mwaka 2004 Paraguai ilipitisha sheria ya kuzuia kabisa kukata msitu, sheria nzuri, lakini ilihusu upande wa mashariki tu wa nchi ambako msitu ulikuwa umeshakatwa karibu wote. Kule ukataji ukapungua sana. Ng'ombe wakahamia wapi? Magharibi, Chaco, ambako sheria haikufika. Yaani kuokoa msitu mmoja kulisukuma mashine kwenye msitu mwingine, na huo mwingine ndo nyumba pekee ya tagua duniani. Chaco imekuwa moja ya sehemu ambazo msitu wa nchi za joto unapotea kwa kasi kubwa kabisa duniani. Kuna barabara pia, barabara inaingiza wawindaji sehemu ambayo zamani ilikuwa safari ya siku kadhaa.

Uwindaji nao kwa tagua una tatizo la kitabia. Adui wake wa miaka yote ni puma na jagwa, paka wanaovizia, na dawa ya paka anayevizia ni kutokukimbia. Kwa hiyo kundi la tagua, ambalo kawaida ni wanyama wanne watano, likitishwa linasimama, manyoya ya mgongoni juu, meno yanagonganishwa, wamekaa bega kwa bega kama ukuta. Puma akiona hivyo anafikiria mara mbili. Mwenye bunduki yeye anafurahi, kapangiwa. Na wengine wanabaki karibu na aliyepigwa, hawatawanyiki mbali, hivyo mtu mmoja anaweza kumaliza kundi lote siku moja. Tabia ambayo ilimlinda kwa muda mrefu kuliko binadamu alivyokuwepo kwenye hilo bara, imegeuka ndo inamuua. Kuzaa kwenyewe anazaa wawili watatu baada ya mimba ya kama miezi mitano, sio kama nguruwe wa bandani anayetoa kumi na zaidi, kwa hiyo kundi likipigwa halijazi pengo haraka.

Kijana anaweza kusema basi ni ukubwa, mnyama mkubwa ana nyama, anawindwa, mdogo hana nyama anaachwa. Kuna ukweli humo lakini hautoshi, na nina ushahidi wawili, mmoja wa kule kule na mwingine wa kwetu.

Wa kule kule ni ndugu yake tagua, pekari mwenye mkanda mweupe shingoni. Familia moja, sura karibu moja, analiwa na anawindwa vile vile, tena ndani ya Chaco hiyo hiyo wanaishi jirani. Huyu kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima nani yuko hatarini kutoweka, yuko kundi la wasio na wasiwasi. Kwanini? Anapatikana kuanzia Arizona na Texas kule Marekani mpaka Ajentina, jangwani yupo, msitu wa mvua yupo, pembezoni mwa mji wa Tucson anaingia mpaka kwenye bustani za watu kula maua. Tagua kwenye orodha hiyo hiyo yuko kundi la walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwenye kiambatisho cha kwanza, kile kikali. Pekari wawili wa familia moja, wawindaji wale wale, na matokeo tofauti kabisa, kilichotofautiana zaidi ni upana wa makazi na uchaguzi wa chakula.

Ushahidi wa kwetu ndo ninaoupenda maana unageuza kila kitu juu chini. Nenda Milima ya Taita, Kenya. Juu kule kwenye mabaki ya msitu wa ukungu, Ngangao, Vuria na vipande vingine vichache, anaishi ndege mdogo mwimbaji anaitwa Apalis fuscigularis, apalis wa Taita, kandege kembamba mgongo wa kijivu, kanakula wadudu kwenye vichaka vya chini msituni. Dunia nzima hayupo sehemu nyingine. Kipande cha Ngangao ni kama hekta 120 tu, mtu mzima anakizunguka kwa mguu asubuhi moja. IUCN wamemweka kundi la hatari kubwa kabisa, hatua ya mwisho kabla ya kutoweka porini, yaani hali yake ni mbaya kuliko ya tagua. Msitu wa asili ulikatwa ukawa mashamba, sehemu nyingine ikapandwa misonobari na mikaratusi ambayo yeye hana kazi nayo, na kuvuka bonde lililojaa mahindi kwenda kipande kingine cha msitu ni kazi nzito kwa ndege aliyezoea kivuli. Alafu shuka mlima huo huo mpaka chini Tsavo, nani anakusalimia? Ngiri. Mnyama wa jamii ya nguruwe, mkubwa kuliko tagua, familia nzima mikia juu wanakimbia kando ya barabara, hana wasiwasi wowote kwenye orodha. Anakula majani mafupi, anachimba mizizi, analala kwenye mashimo yaliyochimbwa na mhanga, na savana inayomfaa imeenea nchi kibao za Afrika.

Kwa hiyo pale Taita ndege mdogo ndo anaisha na nguruwe ndo yupo tele, kinyume kabisa cha reinita na tagua. Angekuwa tatizo ni udogo, Taita na Karibi zingetoa jibu moja. Angekuwa tatizo ni ukubwa na nyama, ngiri angekuwa kama tagua. Ukirudi kwenye yale matatu niliyosema mwanzo, eneo, mahitaji, na binadamu anataka nini pale, wanyama wote wanne wanakaa sawa: apalis na tagua wana eneo finyu au lenye masharti makali na linatakiwa kwa kilimo na mifugo, reinita na ngiri wana uwanja mpana na wanavumilia mabadiliko. Nadhani mwalimu alikuwa anatafuta hiki, na kijana akiweka huo mfano wa Taita atapata maksi zake, tena ni mfano ambao hauko kwenye intaneti ya kukopi.

Hata imani na mila zinaingia hapo, hili wanabailojia wengi wanaliruka. Pwani yetu ambako Waislamu ni wengi nguruwe pori haliwi na wengi, wakulima wanamchukia kwa sababu anafukua mihogo usiku, wanakesha kumfukuza, ila hakuna soko kubwa la nyama yake, na kule Unguja mpaka leo wapo. Chaco hakuna katazo la namna hiyo, nyama ya pekari ni kitoweo cha kawaida. Sisemi hilo peke yake linaamua, nasema kijana asidhani hatima ya mnyama inaamuliwa na meno yake na figo zake tu.

Reinita naye asionekane kama hapati shida, itakuwa uongo. Mwezi wa tisa mwaka 1989 kimbunga Hugo kilipiga Virgin Islands na Puerto Rico, kikapukutisha majani, maua na matunda, na watafiti waliohesabu ndege kabla na baada waliona wanaotegemea maua na matunda ndo walioanguka zaidi, wanaokula wadudu wakapata unafuu. Reinita wengi walikufa, na waliobaki waliingia kwenye makazi ya watu kutafuta chochote kitamu. Lakini angalia kilichofuata: maua yakarudi, na waliobaki wakaanza kujaza. Na hata kama kisiwa kimoja kingebaki kitupu kabisa, kuna visiwa vingine na bara zima nyuma yake. Tagua hana bara nyuma yake. Kimbunga chake ni buldoza, na buldoza likishapita hairudi mipungate, yanapandwa majani ya ng'ombe.

Sasa swali lako la mwisho dada, si wamfuge tu. Wanamfuga tayari. Mwaka 1985 Kurt Benirschke wa bustani ya wanyama ya San Diego alianzisha mradi unaitwa Proyecto Taguá pale Fortín Toledo, karibu na Filadelfia, ndani ya Chaco yenyewe, na wanazaa vizuri pale, na wengine wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Ni kazi kubwa na naiheshimu, maana hata ukianguka ugonjwa porini mbegu inakuwepo, na mengi tunayojua kuhusu mimba na chakula chake yametoka kwa waliofugwa. Lakini kufuga kunajibu nusu ndogo ya tatizo. Tagua hakosi uwezo wa kuzaa, anakosa pa kuishi. Ukiwa na tagua mia bandani na nje hakuna msitu wa kuwaachia, una tagua wa bandani milele. Na mtoto aliyekulia bandani akila chakula cha kuletewa lazima ajue pia kuukabili mpungate wenye miiba, na kumwogopa mtu mwenye bunduki, jambo ambalo hata wa porini hawaliwezi.

Kinachoweza kumbakisha ni ardhi kubwa isiyokatwa. Bolivia mwaka 1995 waliweka hifadhi ya taifa Kaa-Iya, hekta zaidi ya milioni 3.4, ni zaidi ya Serengeti mara mbili, na uzuri wake ni kwamba ilidaiwa na kusimamiwa pamoja na wenyeji Waguarani wa Isoso, sio watu wametolewa hifadhi ikawekwa. Paraguai wana Defensores del Chaco tangu 1975. Ajentina waliongeza El Impenetrable mwaka 2014. Shida ni katikati ya hizo hifadhi, kwenye mashamba ya watu binafsi ambako tagua wengi bado wapo, na pale sheria ya Paraguai inamtaka mwenye shamba abakize angalau robo ya msitu. Robo inaweza kusaidia kama robo za majirani zimeungana zikatengeneza njia, na inaweza isisaidie kitu kama kila mmoja kabakiza kipande chake katikati ya majani, kama vile vipande vya Taita. Kijana akipata nafasi afungue picha za setilaiti za Chaco ya Paraguai, eneo la kaskazini ya Filadelfia, avute karibu, ataona mistatili ya mashamba imejipanga na vijistari vya msitu vimebaki kati yake. Aiweke hiyo picha kwenye kazi yake pembeni ya ramani ya reinita, na kazi akishaisahihisha mwandikie mwalimu kwamba swali lake lilikuwa zuri.